Namna ya Kuchora Vita kwa Kumtazama Aliyerudi

Kijana anayeanza kuchora, akiambiwa achore vita, huchora moto. Nimeliona hilo kwa miaka mingi katika chumba kidogo cha Ngamiani ninamofundishia uchoraji hapa Tanga: karatasi hujaa vifaru, ndege na milipuko ya rangi ya machungwa, na watu waliomo huwa wadogo kama sisimizi, hawana uso wala umri. Picha ya namna hiyo humshtua mtazamaji mara moja, kisha humtoka akilini. Mwongozo huu unaeleza njia nyingine, ambayo wachoraji wakubwa wa vita wameipita kwa zaidi ya karne mbili, nayo ni kuanza na mtu mmoja, hasa yule aliyebaki baada ya kelele kwisha, kwa sababu ndani ya mwili wake vita bado vinaendelea.

Mimi nililijifunza jambo hili kwa mjomba wangu. Alikwenda Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia, akarudi mwaka uliofuata baada ya Kampala kuanguka mwezi wa Aprili. Hakurudi na kovu hata moja. Hata hivyo, hadi uzee wake hakukubali kukaa mahali ambapo angeupa mlango mgongo, na mvua ya masika ilipopiga mabati usiku alitoka chumbani akasimama barazani mpaka alfajiri, viatu vikiwa miguuni na kamba zimefungwa. Nyumbani wengine waliiita hali hiyo hasira, wengine wakasema ametupiwa jini. Leo wataalamu wa afya ya akili huiita kiwewe. Nilipojaribu kumchora mara ya kwanza nilimvalisha sare na kumpa bunduki, na picha ikawa ya uongo. Picha ya kweli ilikuja baadaye sana: mtu mzima ameketi kwenye kigoda, chemli inawaka, watoto wamelala mkekani, naye ameuelekea mlango huku amevaa viatu.

Kabla ya kushika mkaa

Tafuta kwanza picha chache za wachoraji waliokutangulia na uzitazame kwa muda mrefu, hata kama ni kwenye simu. Tatu au nne zinatosha kwa mwezi mzima. Usizitazame ili uige mtindo. Tazama ili ugundue ni uamuzi gani mchoraji aliufanya, na nini alikiacha nje.

Anza na Francisco Goya wa Hispania. Mwaka 1814 alichora kuuawa kwa wakazi wa Madrid waliopigwa risasi na askari wa Ufaransa usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 1808. Upande wa kulia wamepangwa askari waliotupa mgongo. Nyuso zao hatuzioni, tunaona mitutu na migongo iliyoinama kwa mpangilio mmoja kana kwamba ni mashine. Upande wa kushoto yupo mtu aliyepiga magoti, kavaa shati jeupe, mikono kaitanua, na taa kubwa iliyowekwa chini inammulika yeye tu. Fanya zoezi hili: lifunike shati lile kwa kidole chako. Utaona picha nzima inazimika. Goya aliweka mwanga wote kwa mtu mmoja anayekaribia kufa, akawanyima wauaji nyuso, na kwa maamuzi hayo mawili alisema alichotaka kusema kuhusu vita.

Goya huyo huyo, kati ya mwaka 1810 na 1820, alichora juu ya mabamba ya shaba mfululizo wa chapa 82, yaani picha zinazopigwa karatasini kutoka kwenye bamba, kuhusu vita na njaa iliyoambatana navyo; 80 kati yake zilitolewa hadharani mwaka 1863, miaka 35 baada ya kifo chake. Katika chapa mojawapo watu wamejikunyata pangoni, mama na watoto, wengine wamefunika nyuso, na kutoka ukingo wa kulia zinaingia ncha za singe peke yake. Askari mwenyewe hayumo. Chini yake mchoraji aliandika maneno yenye maana kwamba jambo hili halitazamiki. Ninaihesabu chapa hiyo kuwa somo kubwa kuliko picha nyingine yoyote ya vita ninayoijua, kwa sababu inamfundisha mchoraji kazi ya ukingo wa karatasi: ukimweka muuaji nje ya ukingo, hofu huwa kubwa zaidi, maana mtazamaji hulazimika kumwaza yeye mwenyewe, na kila mtu humwaza yule anayemwogopa.

Halafu tazama Guernica ya Pablo Picasso. Mji wa Guernica, nchini Hispania, ulipigwa mabomu na ndege za Ujerumani na Italia tarehe 26 Aprili 1937, na picha ikakamilika mwaka huo huo ikiwa na kimo cha takriban mita 3.5 na upana wa takriban mita 7.8. Tafuta ndege ndani yake, hutaiona. Tafuta bomu; hutaliona pia. Utamwona mama amembeba mtoto aliyekufa na kinywa chake kimeelekea juu, farasi aliyejeruhiwa, askari aliyeanguka na upanga uliovunjika mkononi, na taa ya umeme iliyo juu ya yote kama jicho. Rangi ni nyeusi, nyeupe na kijivu, na kwa hiyo hakuna damu nyekundu hata tone moja katika picha hiyo inayotajwa duniani kote kila vita vinapozungumzwa.

Mwili hukumbuka

Madhara ya vita katika nafsi hayana umbo. Mchoraji hawezi kuchora jinamizi likiwa kichwani mwa mtu, na wanaojaribu kwa kuweka mizimu na mafuvu hewani juu ya mtu aliyelala huishia kutengeneza kielelezo kisichomgusa mtazamaji. Njia iliyo wazi ni kuchora kile ambacho nafsi iliyoumia huufanyia mwili, yaani namna mtu anavyokaa, anavyoshika kikombe, anavyogeuza shingo akisikia mlango.

John Singer Sargent alilielewa hilo vizuri. Mwaka 1919 alimaliza picha yenye upana wa zaidi ya mita 6, inayowaonyesha askari wa Uingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliopofushwa na gesi ya sumu wakitembea kwa mstari, macho yamefungwa vitambaa, kila mmoja kaweka mkono begani mwa aliye mbele yake. Mmoja wao ameinua mguu juu mno, kama mtu aliyeambiwa kuna ngazi naye hajui iko wapi wala ina kimo gani. Mguu ule ndio picha. Umeeleza giza, hofu na utii wa mtu aliyepoteza macho, bila jeraha lolote kuonyeshwa. Nyuma kabisa, kwa mbali, vijana wazima wanacheza mpira, na hapo ndipo mchoraji anapotuonyesha kwamba maumivu na mchezo hukaa katika jioni moja.

Kuhusu macho, wengi hunitajia picha ya Tom Lea wa Marekani, aliyoichora mwaka 1944 baada ya mapigano ya kisiwa cha Peleliu katika Vita vya Pili vya Dunia. Askari ametukabili, macho yamekodoka, anatazama mbali kupita sisi. Ukitaka kuchora mtazamo wa namna hiyo, kuna mambo matatu ya ufundi. Macho yanayotazama kitu cha karibu huelekeana kidogo upande wa pua, lakini yanayotazama mbali husimama sambamba; kwa hiyo weka mboni zote mbili katikati na usizigeuze. Kigubiko cha juu kwa kawaida hufunika sehemu ya duara la mboni. Kikiinuka hadi weupe ukaonekana juu yake, uso huwa wa mtu aliyeshtuka na hajatua. Mwisho, kile kitone cheupe cha mng'ao ambacho tumezoea kukiweka ili jicho liwe na uhai, kipunguze au kiache kabisa.

Hata hivyo, nakuomba usiyategemee macho peke yake. Yamekuwa njia ya mkato, na si kila aliyeumia hukodoa. Macho ya mjomba wangu yalikuwa matulivu. Aliyefichua siri alikuwa mkono wake wa kushoto, uliokuwa ukishika goti kwa nguvu wakati uso ukicheka na wageni. Kwa hiyo kazi ya wiki ya kwanza ninayowapa wanafunzi ni kuchora mikono tu, kurasa 30, ya watu waliokaa wakingoja kitu: abiria kituoni, mgonjwa kwenye benchi, mama anayengoja zamu ya maji. Anayeweza kuchora mkono unaongoja ameshaanza kuweza kuchora hofu.

Ipo pia njia ya kutomchora mtu kabisa. Paul Nash, mchoraji wa Uingereza, mwaka 1918 alichora uwanja wa vita wenye miti iliyokatika na udongo uliofumuka kama mawimbi, na jua linachomoza juu yake. Hapana maiti wala askari, na bado mtazamaji hujiona amesimama mahali ambapo watu wameharibiwa. Kwetu mtu angeweza kufanya hivyo kwa minazi iliyokatwa vichwa au shamba la mkonge lililoachwa. Naiona njia hii kuwa ngumu kuliko inavyodhaniwa, na simshauri anayeanza.

Vita vilivyopita mlangoni petu

Anayeishi Tanga hana haja ya kwenda mbali kutafuta somo. Tarehe 2 Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, meli za Uingereza zilifika hapa, na kikosi cha takriban watu 8,000, wengi wao askari kutoka India waliokuwa baharini tangu katikati ya Oktoba, kikateremka upande wa Raskazone. Waliowakabili chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walikuwa takriban 1,000, wengi wao askari Waafrika waliotumikia Wajerumani. Mapigano makubwa yalikuwa tarehe 4, katika mashamba ya minazi na mipira na hadi ndani ya mitaa. Makundi ya nyuki yaliyoshtushwa na risasi yakawavamia watu wa pande zote mbili, na siku iliyofuata Waingereza walirudi melini wakiwa wamepoteza zaidi ya watu 800 kwa kuuawa, kujeruhiwa na kupotea.

Mwanafunzi akisikia habari hii hutaka kuchora mashua, bendera na mistari ya askari. Mimi humwambia achague mtu mmoja: kijana aliyetoka Bombay, mwenye kichefuchefu cha wiki mbili za bahari, amejilaza chini ya mnazi asioujua jina, amefunika uso kwa mikono kwa sababu ya nyuki huku risasi zikipita, naye hawezi kuamua akimbie kipi. Lugha yetu imempa mchoraji zawadi hapo, kwa kuwa mzinga ni wa nyuki na mzinga pia ni wa baruti. Gogo lile lililotundikwa mtini na mtutu ulio mbali ufukweni vinaweza kuchorwa kwa umbo moja na giza moja la mdomo, vikielekeana juu ya mwili wa kijana huyo, na mtazamaji wa Kiswahili ataisoma picha kabla hajaelezwa.

Kumbuka pia kwamba yalikuwa mapigano ya mchana wa Novemba. Wengi hudhani hofu lazima iwe na usiku. Goya alikuwa na usiku wake kwa sababu tukio lilikuwa la usiku. Wewe una jua la pwani, kivuli kifupi na kikali, mchanga unaoumiza macho. Chora kwa jua hilo. Mtu anayekufa mahali penye mwanga mzuri, penye bahari ya buluu nyuma yake, huacha swali ambalo giza haliwezi kuliacha.

Wapo wengine ambao picha nyingi zimewasahau, nao ni wapagazi. Vita vile viliendelea Afrika Mashariki hadi Novemba 1918, na wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi chao, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Maandishi ya sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini humo mwaka 1927 yanawataja kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini aliyesimama juu, na singe mbele, ni askari. Basi ichukue kauli hiyo kama ilivyo na uchore miguu na mikono. Nenda sokoni asubuhi, uombe ruhusa kwa hamali anayebeba magunia, umlipe muda wake kama unavyomlipa fundi yeyote, na umchore shingo inavyozama chini ya mzigo, vidole vya miguu vinavyotanuka, mshipa wa paji la uso. Usimvalishe nguo za kale mpaka mwili umekaa sawa kwenye karatasi.

Kumsikiliza aliyeona

Ukiamua kumchora mtu aliye hai, au kuchora kwa masimulizi yake, heshima hutangulia ufundi. Nenda bila karatasi mara ya kwanza. Msalimie, kunyweni chai, mwambie wazi unakusudia nini na picha itawekwa wapi, na umwachie nafasi ya kukataa pasipo kukuonea haya. Wazee wetu mara nyingi hukubali kwa adabu jambo ambalo moyo wao umelikataa. Usimuulize aliua wangapi. Muulize alikula nini, walilala wapi, kulikuwa na harufu gani, viatu vilikuwaje. Vitu hivyo vidogo ndivyo vinavyochoreka, na havimrudishi mtu kwa nguvu mahali alipotoka. Mikono ikianza kutetemeka au maneno yakianza kujirudia, funga mazungumzo, zungumza naye habari za nyumbani, na usiondoke mpaka ametulia. Kama usiku humnyima usingizi kwa miaka, jamaa zake washauriwe wampeleke kwa wataalamu wa afya ya akili hospitalini. Mchoraji si tabibu, na asijifanye tabibu.

Jambo la muda ni zito zaidi. Mchoraji Otto Dix, aliyepigana upande wa Ujerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa mpiga bombomu, alitoa chapa zake 50 za vita mwaka 1924, miaka sita baada ya vita kumalizika, naye alisimulia kwamba kwa miaka mingi aliota akitambaa ndani ya nyumba zilizobomoka. Käthe Kollwitz, msanii wa Ujerumani, alimpoteza mwanawe Peter, kijana wa miaka 18, vitani Oktoba 1914. Chapa zake saba za mbao kuhusu vita zilitoka miaka ya 1920, na sanamu mbili za wazazi wanaoomboleza, alizokusudia kwa kaburi la mwanawe, zilikamilika mwaka 1932. Katika chapa mojawapo akina mama wamekumbatiana kwa duara moja jeusi, na katikati ya miili yao kinachungulia kichwa cha mtoto. Hakuna bunduki, na hakuna sehemu ya duara hilo inayoweza kufunguliwa. Ukiona kazi yako haiji, iweke kando hata mwaka mzima. Picha ya mjomba niliianza mara tano.

Vifaa na kazi yenyewe

Kwa michoro ya awali tumia mkaa, ule ule wa jikoni, uliochaguliwa vipande vyembamba vya mti laini. Mkaa hufutika kwa kiganja, na alama ya kilichofutwa hubaki kama kivuli. Kwa somo hili alama hiyo ni msaada, usiisafishe yote. Fanya rasimu zisizopungua kumi zenye ukubwa wa kiganja, ukibadilisha jambo moja tu kila mara: mwanga unatoka wapi, ukingo unakata wapi, nani anatupa mgongo.

Turubai la dukani ni ghali, na si lazima. Amerikani iliyowambwa kwenye fremu ya mbao na kupakwa mara mbili rangi nyeupe ya maji ya ukutani huvumilia vizuri. Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi, Kongo, ambaye katika miaka ya 1973 na 1974 aliichora historia ya nchi yake kwa picha takriban 100, pamoja na vita na mauaji yake, alichora juu ya nguo za magunia ya unga, akaandika maneno ndani ya picha zenyewe, na maelezo yake aliyatoa kwa Kiswahili cha huko. Hadibodi nayo inafaa, kama Edward Saidi Tingatinga alivyoonyesha. Tofauti yetu na yeye ni rangi: rangi ya mafuta inayong'aa aliyoitumia humrudishia mtazamaji taa ya chumba na sura yake mwenyewe, na katika picha ya huzuni mng'ao huo hukatiza kutazama. Nunua rangi ya nyumba isiyong'aa. Picasso naye alitaka kwa Guernica rangi ya nyumba yenye mng'ao mdogo kabisa.

Anza na rangi tatu: nyeusi, nyeupe na moja ya udongo, kama ile ya vumbi la Handeni. Nyekundu iweke mbali mpaka picha imesimama bila hiyo, kisha ujiulize kama inahitajika. Mara nyingi haihitajiki, na ikihitajika, iwe mahali pamoja padogo, pengine ukingo wa khanga. Ukitaka picha iliyosongamana, mtazame Malangatana wa Msumbiji, aliyejaza turubai nyuso, macho na meno hadi pasibaki nafasi ya kupumua, na ndivyo alivyotufanya tuhisi kufungiwa. Ukitaka ukimya, fanya kinyume: acha nusu ya turubai wazi, na mtu wako mweke pembeni.

Picha ikikauka, usiipeleke kwenye maonyesho kwanza. Mpelekee aliyekusimulia, au wanawe kama ametangulia, uiegemeze ukutani, ukae kimya. Mjomba aliitazama yake kwa muda mrefu, kisha akasema mlango nimeufunga, naye hakuwahi kuufunga. Aliuacha wazi kidogo ili aone barabara. Nilirudi na picha Ngamiani, nikaufungua mlango kwa mstari mmoja mwembamba wa kijivu. Nyuma ya turubai, kwa penseli, andika mwaka wa vita, mahali, tarehe uliyomaliza, na jina la msimulizi ikiwa tu amekupa ruhusa ya kuliandika.